Kunde za kuuza mbichi: angalia ganda kwanza, jina la mbegu baadaye

Swali limetoka kwa msomaji wa Mlandizi, mkoani Pwani. Nalifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nina ekari moja na robo jirani na mto Ruvu, maji navuta kwa pampu. Msimu uliopita nilinunua mbegu ya kunde dukani, nia yangu nikauze mbichi Dar es Salaam. Maganda yalitoka mengi, lakini mchuuzi alivunja mawili matatu akasema yana nyuzi, akayaacha. Nikaona basi nimenye niuze punje. Akina mama niliowaita walimenya tangu asubuhi mpaka alasiri na ndoo haikujaa, punje zenyewe ndogo. Safari hii nipande aina gani? Na je, nikichuma majani kwa mboga ya nyumbani nitaharibu mazao?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hasara, na nashukuru umeeleza hatua kwa hatua, maana jibu limo humo humo katika maelezo yako.

Shamba lako halikuwa na kosa. Mbegu ndiyo ilikuwa ya kazi nyingine. Kunde nyingi zinazouzwa madukani kwetu zilichaguliwa kwa ajili ya punje kavu. Aliyezichagua alipima kilo za punje zilizokauka, akahesabu siku za kukomaa, akatazama magonjwa na ukame. Ganda bichi kwake lilikuwa gamba la kutupa. Wewe umeichukua mbegu hiyo ukaipeleka kwa mteja anayelila gamba lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza aina, amua unauza nini, kwa sababu kunde mbichi ni bidhaa mbili zenye tabia zinazopingana.

Ya kwanza ni ganda changa linalokatwakatwa na kupikwa lote, kama maharage machanga. Ya pili ni punje mbichi, iliyojaa lakini haijakauka, inayomenywa na kupikwa kwa nazi. (Wapo pia wanaochemsha ganda lililojaa kwa chumvi, kisha wanavuta punje kwa meno. Hao wahesabu pamoja na wa punje, maana ganda hawalili.) Anayetaka ganda anataka nyama nene, punje ziwe bado ndogo na nyuzi zisiwepo. Anayetaka punje anataka punje kubwa, ganda jembamba na lenye kufunguka kirahisi. Mbegu moja kukupa yote mawili kwa ubora ni nadra sana. Ukitaka masoko yote mawili, panda mbegu mbili.

Nianze na ganda, kwa kuwa ndilo lililokuangusha.

Ndani ya ukuta wa ganda la kunde kuna utando mgumu, mfano wa karatasi ngumu, na kwenye mishono miwili ya ganda hupita uzi. Ganda linapokauka, utando huo ndio unaolifanya lijikunje na kupasuka ili limwage mbegu. Kwa mkulima wa punje kavu si kitu kibaya, humrahisishia kupura. Kwa mlaji wa ganda ndio zile nyuzi anazotema. Kunde zilizochaguliwa kwa ajili ya ganda zina utando dhaifu, na mahali pake kuna nyama. Kipimo chake hakihitaji maabara yoyote. Chukua ganda, likunje katikati taratibu. Likikatika kwa mlio na sehemu zote mbili zikaachana safi, ni la sokoni. Likikunjika kama kamba bila kukatika, au likikatika huku uzi mmoja umezishika pande zote mbili, umekwisha chelewa au aina yenyewe haifai. Mchuuzi wako alifanya hivyo hivyo, na hakukuonea.

Sasa, kuchelewa na kutofaa ni vitu viwili, na lazima uvitenganishe kabla hujailaumu mbegu. Ua la kunde hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, halifunguki tena. Basi ingia shambani mapema asubuhi, ukiwa na nyuzi za rangi mfukoni, ufunge uzi kwenye vikonyo vya maua thelathini au arobaini yaliyofunguka asubuhi hiyo hiyo. Kuanzia siku ya saba rudi kila siku, chuma maganda matatu kati ya hayo, yakunje. Andika siku ya mwisho ambayo bado yanakatika safi. Kwa kunde nyingi, ganda huwa laini kati ya siku ya nane na ya kumi na mbili tangu ua lifunguke, lakini tofauti kati ya aina na aina ni kubwa, na hiyo tofauti ndiyo pesa yako. Aina inayobaki laini siku mbili tu itakulazimu kuingia shambani kila siku, na ukipata msiba au mvua ya kutwa moja umepoteza mkupuo mzima. Inayobaki laini siku nne au tano inakusubiri. Mimi, kati ya urefu wa ganda na muda wa ulaini, huchukua muda wa ulaini bila kusita.

Kuna dalili nyingine ambayo wakulima wengi huipita bila kuiona. Acha maganda machache yakauke juu ya mche. Aina yenye utando mgumu, ganda lake kavu hubaki limenyooka na gumu, na ukilibana hupasuka na kujisokota. Aina yenye nyama hunyauka, hujikunjakunja na kuzigandamia punje hadi unazihesabu kwa nje, na haipasuki yenyewe. Ukiona ganda kavu la namna hiyo katika kunde za asili za majirani zako, omba mbegu. Ni bora kuliko pakiti yenye picha nzuri.

Rangi ya ganda usiipuuze. Wateja wa mjini hupenda kijani cha kung'aa au kijani kilichopauka, kisicho na madoa. Maganda ya zambarau ni mazuri kwa macho, lakini zambarau hiyo huyeyuka kwenye maji ya moto na ganda linabaki na kijani kilichofifia. Mteja asiyejua atadhani umemuuzia kitu cha zamani.

Tukija kwenye punje mbichi, hesabu inageuka kabisa, na hapa naomba ukae na kalamu. Tuseme punje mbichi ya kunde ndogo ina uzito wa gramu 0.3, na ganda lina punje 10. Kupata kilo moja ya punje zilizomenywa unahitaji punje 3,333, yaani kufungua maganda 333. Sasa chukua aina yenye punje ya gramu 0.45 na ganda la punje 16. Kilo moja inatoka kwenye maganda 139. Mmenyaji ni yule yule, vidole ni vile vile, lakini kazi imepungua kwa zaidi ya nusu. Akina mama wako hawakuwa wavivu. Uliwapa maganda mafupi yenye punje ndogo.

Kwa hiyo ukichagua kunde ya punje, angalia ukubwa wa punje kwanza. Hesabu punje 100 kavu za mbegu unayotaka kununua, zipime kwenye mizani ya duka la dawa au ya sonara. Zikiwa gramu 10 au pungufu, waachie wanaouza kavu. Kuanzia gramu 15 unaweza kufikiria, na zikifika 20 ni punje ya kumenya kweli kweli. Kisha angalia jinsi punje zinavyokaa ndani ya ganda. Zipo kunde ambazo punje zimebanana hadi ncha zake zimekuwa bapa, kama watu kwenye daladala. Hizo hutoa punje nyingi kwa ganda, lakini ganda lake huwa gumu kufungua kwa kidole gumba. Zenye nafasi kidogo kati ya punje na punje hufunguka kwa kubonyeza tu. Pima mwenyewe: kilo moja ya maganda, mmenyaji mmoja, saa mkononi. Andika dakika, kisha pima punje zilizotoka. Aina inayotoa karibu nusu ya uzito wake kuwa punje ni nzuri. Inayotoa theluthi inakufanya ubebe maganda ya kutupa.

Siku ya kuvuna punje mbichi nayo ina alama yake. Ganda limejaa, ukilipapasa unazisikia punje moja moja, na rangi ya kijani inaanza kugeuka, kuelekea manjano kwa aina nyingi, zambarau kwa nyingine. Kwa aina za muda mfupi huwa ni kama siku ya 15 hadi ya 17 tangu ua lifunguke. Kabla ya hapo punje ni ndogo na imegandamana na ganda. Baada ya hapo ngozi ya punje inakuwa ngumu na haimenyeki tena kwa raha. Hapo ndipo aina zenye ganda linalobadilika kuwa zambarau linapokomaa zinamfaa sana mtu mwenye vibarua, kwa sababu mchumaji mgeni haulizi maswali: likigeuka rangi anachuma, likiwa kijani analiacha. Wamarekani wa majimbo ya kusini wamezipenda kunde za namna hiyo kwa miaka mingi, na sababu mojawapo ni hiyo.

Rangi ya punje ni suala la sufuria. Punje nyekundu, nyeusi au kahawia hutia rangi kwenye mchuzi, na tui la nazi likichafuka rangi mpishi wa Pwani hanunui mara ya pili. Punje nyeupe au ya maziwa yenye jicho dogo hubakiza tui jeupe. Nyekundu zina wapenzi wake, tena wengi, lakini hasa katika kunde kavu. Kabla hujapanda ekari nzima pika, walishe watu wa nyumbani na mchuuzi wako pia. Nimeshuhudia jaribio la shambani ambapo aina iliyoshinda kwa kilo ilishindwa vibaya siku ya kupikwa, kwa kuwa ngozi za punje zilivuliwa na kuelea juu ya mchuzi, na hakuna mwanamke hata mmoja pale aliyeomba mbegu yake.

Sasa mche wenyewe. Kunde ziko zinazosimama wima, zinazotambaa nusu, na zinazotambaa kabisa au kupanda miti. Kwa ekari yako na pampu yako, ningekuelekeza kwenye zinazosimama au kutambaa kidogo, zenye vikonyo virefu vinavyoyainua maganda juu ya majani. Sababu ya kwanza ni mchumaji. Unachuma kila baada ya siku mbili au tatu, na kuinama kupekua majani mara kumi na mbili kwa msimu ni gharama kubwa kuliko mbolea. Sababu ya pili ni funza anayetoboa maganda, yule wanaomwita Maruca kitaalamu. Anapenda kivuli, na anapenda mahali ambapo ganda linagusa jani au ganda linagusa ganda, maana hapo ndipo anapojificha akitoboa. Maganda yaliyoinuliwa juu na kuachana kwa pembe pana hupata shambulio dogo kuliko yaliyofunikwa na majani. Ukisimama mwisho wa tuta ukayaona maganda bila kugusa jani, mche huo umeshajilinda kiasi.

Jambo la dawa nataka ulisome mara mbili. Kunde ni zao linaloshambuliwa sana: vidukari mwanzoni, vithiripi kwenye vitumba vya maua, funza kwenye maua na maganda, kunguni wanaofyonza punje changa. Mkulima wa kunde kavu hupiga dawa halafu anasubiri wiki kadhaa kabla ya kuvuna. Wewe unachuma leo na keshokutwa, na ganda lako linaliwa zima. Dawa ambayo lebo yake inasema subiri siku saba au kumi na nne huwezi kuitumia ukishaanza kuchuma bila kumlisha mtu sumu. Kwa hiyo kwako ukinzani wa mbegu si nyongeza, ni sharti. Panga dawa, kama lazima, iwe kabla ya maua na mwanzoni mwa vitumba, kisha ufunge pampu ya dawa. Mbegu isiyoweza kuvumilia utaratibu huo usiirudie, hata ingekuwa na maganda ya urefu wa mkono.

Msimu nao una neno lake. Kunde kwa asili ni zao la siku fupi, yaani hutoa maua mchana unapokuwa mfupi, na baadhi ya kunde zetu za kienyeji bado zinasikia urefu wa mchana, ingawa kwenu Pwani tofauti ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni haifiki saa nzima. Ukizipanda za namna hiyo mwishoni mwa mwaka hutambaa, hujaza majani, na kungoja hadi siku zianze kufupika ndipo zitoe maua. Wenye nazo wanajua, wanazipanda kwa ajili ya mboga ya majani na kunde baadaye. Wewe unayetaka kupanda kila baada ya wiki mbili ili soko lisikukose unahitaji aina isiyojali tarehe, inayotoa maua kwa idadi ile ile ya siku iwe Februari au Julai. Kuna na joto la usiku. Usiku wa joto kali wakati vitumba vinatengenezwa huharibu chavua, hasa katika nchi zenye mchana mrefu, na maua yanadondoka bila kushika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside waliifanyia kazi sana tabia hiyo, wakatoa aina ya CB27 inayovumilia. Kwenu dawa rahisi ni tarehe: panda Juni na Julai, uvune Agosti na Septemba. Usiku umepoa, mvua hakuna, magonjwa ya madoa na ukungu yamepungua, na wasio na maji hawana kunde. Mwagilia kwa mifereji, usinyunyizie majani.

Haya, majina. Nitakupa niliyo na imani nayo, na ujue mapema kwamba jina ni mwanzo wa majaribio yako tu.

Kwa upande wetu, kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) cha Ilonga, Kilosa, ndicho chenye historia ndefu ya kunde. Tumaini, Fahari na Vuli-1 zilitoka miaka ya 1980, na Vuli-2 ikafuata baadaye. Vuli-1 ni ya muda mfupi, mche wake haupotezi muda kwa kutambaa, na inakwepa ukame. Kwa kuuza mbichi ubora wake ni uharaka, udhaifu wake ni punje ndogo nyekundu. Ningeipanda kwa mkupuo wa kwanza sokoni, siyo kwa kumenya. Tumaini na Fahari huchukua siku nyingi zaidi na zinastahili kuwekwa kwenye majaribio yako ya punje. Ukinunua, dai lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu nchini, kwenye mfuko, kwa sababu virusi vya kunde husafiri ndani ya mbegu, na mche ulioota na virusi haukupi kitu.

Kwa jirani zetu Kenya, kituo cha Katumani kule Machakos kilitoa K80 na M66, zote mbili za majani na punje, na KVU 27-1 yenye punje nyekundu iliyoiva rangi. K80 inasifiwa kwa kuvumilia vidukari, na hiyo kwako ni sifa kubwa. Zote zilichaguliwa kwa nchi kavu za Ukambani, kwa hiyo kwenye unyevu wa Pwani zipime kwanza kwenye mistari michache.

Kwa ganda la kula lote, zungumzia kunde za mboga hasa. Zile ndefu za Asia, ambazo ni kunde zile zile za aina moja na zetu ila zilichaguliwa kwa karne nyingi kwa ajili ya ganda, hutoa maganda ya sentimeta 30 hadi 90. Ni laini na hazina mpinzani kwa ulaji, lakini hupanda miti, na lazima uzisimikie nguzo za karibu mita 2. Ukiwa na mianzi na soko la mahoteli ya Wahindi na Wachina, weka robo ekari. Usiweke zaidi ya hapo kabla hujapata mnunuzi wa uhakika. Katikati yake zipo kunde za mboga za kichaka, zinazosimama bila nguzo na kutoa maganda marefu kiasi, yenye nyama. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki ya Ibadan, Nigeria, ilizitengeneza, IT81D-1228-14 ikiwa mojawapo, na India wana Pusa Komal, Arka Garima na Kashi Kanchan. Hizi ndizo ningezitafuta kwa ajili ya ganda lako. Kituo cha Mboga Duniani pale Arusha na watu wa Ilonga ndio wa kuwauliza kwanza, maana mbegu ya nje haiingizwi nchini bila kibali na ukaguzi.

Usidhani wewe ni wa kwanza kutafuta pesa kwenye kunde mbichi. Senegal, aina ya Mélakh iliyotolewa na watafiti wa ISRA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya huko, ilipendwa kwa sababu moja kubwa: maganda yake mabichi huwahi kipindi ambacho maghala yamekwisha na mavuno mapya bado, kwa hiyo mkulima anakula na kuuza wakati wa njaa. Kaskazini-mashariki mwa Brazili punje mbichi, wanaiita feijão-verde, ina soko lake kamili. Wamenyaji hukaa na mafungu mbele yao sokoni, wakimenya huku wakiuza, kwa kuwa punje iliyomenywa haivumilii joto hata kwa siku moja. Hilo la kumenya sokoni ningelifikiria sana kama ningekuwa wewe. Ganda ni kifungashio cha bure. Punje ikikaa ndani yake, kivulini, inafika Dar ikiwa nzima. Ukimenyea Mlandizi jioni ukaifunga kwenye mfuko wa plastiki, asubuhi ina harufu.

Namna ya kujaribu ni hii. Chukua aina tano au sita, usizidishe. Kila moja ipe mistari miwili ya mita 5, halafu urudie mistari hiyo hiyo mahali pengine pa shamba, ili kama upande mmoja una rutuba usije ukaisifia mbegu kwa kazi ya udongo. Nafasi ya sentimeta 50 kati ya mistari na 20 kati ya miche, mche mmoja kila shimo. Nafasi hiyo ni miche kama 40,000 kwa ekari. Kwa mbegu yenye gramu 15 kwa punje 100 ni kilo 6, na kwa yenye gramu 22 ni karibu kilo 9, bila kuhesabu zitakazokufa. Ona basi jinsi kipimo cha "kilo kadhaa kwa ekari" kinavyoweza kukudanganya. Usiweke urea, utalima majani. Fosfeti inatosha.

Daftari liwe na safu chache tu: tarehe ya ua la kwanza, tarehe ya mchumo wa kwanza, uzito wa kila mchumo, siku za ulaini kwa ile mbinu ya uzi, dakika za kumenya kilo moja, na neno la mchuuzi. Safu hiyo ya mwisho usiiache wazi. Mpelekee mafungu bila kumtajia aina, atazame, avunje, achague.

Unapochuma, shika ganda, uache kikonyo. Kwenye ncha ya kikonyo kuna vitumba vidogo ambavyo vitafunguka tena ukiviachia nafasi, na mche unaochumwa maganda mabichi mfululizo hurefusha maua yake, wakati mche ulioachiwa maganda yakauke hujihesabu umemaliza. Chuma alfajiri, weka kivulini kwenye tenga lililofunikwa gunia lililoloweshwa, usirundike. Rundo la kunde mbichi hupata joto lenyewe kwa saa chache tu.

Ukishaipata aina yako, mbegu ni yako kuitunza, kwa sababu ua la kunde hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa na mtoto hufanana na mama. Ila usifanye kama wengi wanavyofanya, wakauza maganda yote mazuri na kuweka mbegu yale yaliyosahaulika na kukomaa. Ukifanya hivyo misimu mitatu, utakuwa umechagua kwa mkono wako kunde zinazochelewa na zinazojificha chini ya majani. Mapema kabisa, kwenye mchumo wa pili, pita ukafunge kitambaa chekundu kwenye miche 50 iliyo bora: isiyo na majani yenye mabaka wala kukunjamana, yenye maganda juu, yenye ganda linalokatika safi. Miche hiyo usiichume kabisa tangu hapo. Ikikauka, anika, pukuchua, jaza kwenye chupa au dumu kavu mpaka juu, funga hewa isiingie. Fukusi wa kunde huanza kutaga mayai kungali shambani, na akikosa hewa hafiki mbali.

Na majani? Chuma, mwanangu, mboga ya kunde ni chakula kizuri na hutaiharibu kwa kuchuma kwa kiasi. Chuma majani machanga mawili matatu kwa mche, kuanzia wiki ya tatu au ya nne, kisha uache vitumba vya maua vinapoonekana, kwa kuwa tangu hapo kila jani linalishibisha ganda fulani. Ikiwa nyumbani wanahitaji mboga kila siku, panda mistari minne ya kunde ya kienyeji inayotambaa pembeni mwa shamba, iwe ya mama jikoni peke yake, na ile ya biashara isiguswe.

Ukimaliza mchumo wa kwanza wa majaribio, niandikie namba za lile daftari, na uniambie mchuuzi alichagua fungu lipi.